Mtumba Hauna Pacha

Katika kijiji chetu hakuna mtu anayejua kutunza siri kama mimi. Habari ya gauni la Mwandu niliifungia kifuani, nikaitia na kufuli, na haikutoka mpaka nilipofika kisimani. Na kisima chenyewe si karibu, ingawa kuku wangu huenda kunywa pale na kurudi bila kuchoka.

Nyumba ya Mwandu iko nyuma ya Mwamapalala, ukishavuka majaruba ya mpunga. Humo alikaa yeye, mkewe Minza, mama yake Nyanjige, na watoto watatu: Kulwa na Doto, wasichana mapacha ambao hawajaanza shule, na Shija aliyewafuata, ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya na kulia.

Mapacha kwetu hawachezewi. Ukimpa Kulwa karanga, Doto naye apate karanga. Ukimchapa mmoja, mwenzake naye unamgusa kidogo na fimbo asije akajiona ametengwa. Pacha akinyimwa hasemi, anaugua, na akiugua sana anarudi alikotoka. Nyanjige alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Rozari aliivaa shingoni, lakini sheria ya mapacha ilikaa chini ya rozari, karibu zaidi na ngozi.

Enzi za duka la ushirika sheria hiyo haikumsumbua mtu. Kitambaa kilikuja kwa mgao, cha aina moja, na siku ya Krismasi kanisa zima lilivaa maua yale yale ya bluu, mpaka padri akasema anahubiria pazia. Wakati ule sote tulikuwa mapacha. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Wakaja wanunuzi wa pamba wenye magari yao wenyewe, wakaja na wauza mitumba, na Desemba ikawa mwezi wa watu kutazamana miguuni.

Krismasi ya Nyanjige ilikuwa na taratibu zake. Mkitoka misa mnakusanyika uani kwake, mnakula sinia moja, mnakunywa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anasimama kusema mwaka umempitia vipi. Mwaka ule, kabla hata sikukuu haijafika, mwanawe Yakobo wa Malampaka alituma salamu kwamba hatakuja. Watoto wake hawajakamilisha viatu, alisema, na hawezi kuwaleta mbele za watu hivyo.

Nyanjige aliuliza ni watu gani hao.

Basi Mwandu alipopanda baiskeli kwenda mnadani Bariadi, Minza alimfuata mpaka njiani, amembeba Shija mgongoni.

"Baba Kulwa, kitambaa kimoja. Ukate cha kutosha wote wawili. Usije ukaleta cha huyu na cha yule."

Mwandu akasema yeye si mtoto.

*

Mnadani watu walikuwa wameinama kwenye mitumba kama bata kwenye dimbwi. Mwandu alikuwa anapita tu, anaelekea kwa wauza vitambaa, ndipo Anatoli, kijana mwenye balo jipya la mitumba, alipoikata kamba na nguo zikafumuka.

Gauni lilitoka juu kabisa. Lilikuwa la rangi ya waridi, mabega yamevimba kama maandazi, na kifuani limepakwa unga wa kumetameta, ule ambao ukiugusa unakuachia nyota vidoleni. Mwandu alishika pindo. Alipovuta, gauni halikuja. Upande wa pili alikuwepo Felisita, nesi wa zahanati yetu, ameshika mkono wa gauni hilo hilo.

Felisita hakuzoea kuvutana na mtu. Pale zahanati akipita, watu wanakunja miguu. Alimtazama Mwandu kama anavyotazama kidonda kilichocheleweshwa.

"Baba, nimelishika kwanza."

"Nesi, wewe umeshika mkono," Mwandu akasema. "Mimi nimeshika mwili."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Maishani mwake hakuwahi kuchekesha umati, na utamu wake ulimpanda kichwani. Anatoli akataja bei ya wizi. Felisita akaanza kuipunguza, kwa utaratibu, kama mtu mwenye akili. Mwandu akatoa pesa bila kufungua mdomo: pesa ya kitambaa, pesa ya mchele, na ile nyingine ambayo Minza huifunga peke yake kwenye kitambaa na kuiita ya lolote. Yote ikaenda.

"Haya, baba," Felisita akasema, akaachia mkono wa gauni. "Litakupendeza."

Watu wakacheka tena, safari hii upande mwingine.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana watoto wawili. Alimnong'oneza Anatoli amtafutie lingine kama lile. Anatoli akadhani ni utani, kisha akaona si utani, akamhurumia.

"Mzee, mtumba hauna pacha. Huyu kaja kutoka Ulaya peke yake."

Angeweza kulirudisha. Lakini Felisita alikuwa bado amesimama pale, anachagua soksi taratibu, na shingo yake ilionyesha kwamba anasikiliza. Mwandu akalikunja gauni, akalitia kifuani ndani ya shati, akapanda baiskeli. Njia nzima shati lake lilimeta, na waliopishana naye wakasema leo Mwandu kameza kioo.

*

Minza alilishika gauni kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na unga wa mtama. Alifurahi kwanza. Furaha yake ilidumu muda wa kuligeuza nyuma na kuligeuza mbele, kisha akaangalia kama kuna kitu kingine kwenye baiskeli.

"Na la pili?"

Mwandu alikuwa amejiandaa tangu mtoni. Alisema la pili liko kwa fundi Constantine. Lilikuwa refu kidogo, likabidi lipunguzwe lilingane na hili. Atalifuata.

Alilisema vizuri mno. Mume wa Minza hakuwa mtu wa kutamka kitu kizima bila kukohoa, na Minza aliona kwamba safari hii hakukohoa. Lakini mwanamke akimwuliza mume wake swali la pili mbele ya mama mkwe, ameanzisha vita, na yeye hakuwa na nguvu ya vita. Hata mchele uko wapi hakuuliza.

Nyanjige alikuja kutoka zizini. Hakuligusa gauni. Alisimama mbali, mikono nyuma, akalitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama Mwili wa Kristo ukiinuliwa.

"Litiwe sandukuni," akasema. "Asilivae mtoto yeyote, wala asijaribishwe, mpaka mwenzake afike. Mapacha wavae pamoja, mkono wa kulia pamoja na wa kushoto pamoja. Mmenisikia?"

Walimsikia. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Minza. Halikuwa na kufuli. Lilikuwa na heshima tu.

Siku zilizofuata kila mtu alimwuliza Mwandu habari za fundi. Alijibu kwamba Constantine amezidiwa, nguo za kijiji kizima ziko kwake. Hilo lilikuwa kweli. Watoto walikaa njiani wakitazama huko atakakotokea fundi, na Doto akajifunza kuiga sauti ya cherehani.

*

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, Kulwa hakuamka.

Minza alimgusa paji la uso, akaondoa mkono kama amegusa sufuria. Alimwita, mtoto akafungua macho, akamtazama mama yake kama mgeni aliyekosea nyumba, akayafunga. Doto alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, mzima, anajikuna. Jua liliingia mlangoni, na Minza akaona kitu kinang'aa kwenye nywele za Doto, juu ya sikio. Kidogo tu, kama punje ya chumvi.

Nyanjige aliona kwamba Minza ameona, akawahi kusema.

"Umemvalisha mmoja, Mama Kulwa."

Minza akasema hapana.

"Tazama kichwa cha mtoto. Gauni limo kwenye nywele zake. Umemvalisha Doto, mwenzake kamwona, na sasa mwenzake anaondoka."

"Mayu, mama yangu, mimi jana nilikuwa mtoni nafua. Watoto niliwaacha na wewe."

"Unataka kusema nini?"

Wakamwuliza Doto. Doto alitazama miguu yake, akatazama rozari ya bibi, akaanza kulia bila sauti. Nyanjige akamvuta, akamfuta kichwa kwa kanga, akafuta na shingo, kwa nguvu, mpaka mtoto akaona aendelee kulia kwa sababu mpya.

Minza alitaka kumbeba Kulwa aende zahanati. Nyanjige akakaa mlangoni. Alikaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele, na mkwe gani ataruka miguu ya mama mkwe? Alisema mtoto wa namna hii huwezi kumpeleka kwa sindano akiwa na hasira. Kwanza hasira itolewe. Gauni la pili lije, wavalishwe wote wawili kwa wakati mmoja, mtoto atapoa. Kisha waende watakako.

"Mwandu," akasema, "kalete gauni."

Sauti yake ilitetemeka. Mwandu alidhani mama yake anatetemeka kwa hasira. Alichukua baiskeli.

*

Kwa fundi Constantine kulikuwa na watu mpaka barabarani, kila mmoja anashika kitambaa chake kama tiketi. Mwandu alipenya, akainama sikioni kwa fundi, akamwomba amshonee gauni la waridi lenye mabega yaliyovimba, sasa hivi, kitambaa atakilipia baadaye.

Constantine hakuinua hata mguu kwenye cherehani. Alimwuliza huo unga wa kumetameta autoe wapi, autemee? Waliokuwa wanangoja wakamwambia Mwandu apange foleni. Mmoja akamwuliza kama ndiye yule wa mnadani aliyeshika mwili.

Alirudi akisukuma baiskeli, hakuipanda. Kila alipofikiria kusema kweli aliona uso wa mama yake, kisha uso wa Minza, kisha akaona kitu kibaya zaidi: kwamba pengine si gauni lililomkasirisha Kulwa, ni uongo wake mwenyewe. Pacha anajua yote. Amelala pale anajua kwamba hakuna la pili, na kwamba baba yake alimsahau mnadani.

Uani aliwakuta vile vile alivyowaacha. Nyanjige mlangoni, Minza ndani, Shija mgongoni, Kulwa mapajani, anamlowesha kwa kitambaa. Doto alikuwa amejificha nyuma ya mtungi.

"Liko wapi?" Nyanjige akauliza.

"Fundi anasema kesho. Asubuhi na mapema."

Minza aliinua kichwa, akamtazama mume wake. Hakuwa amekohoa.

Hapo Kulwa akakakamaa. Mgongo ulipinda, macho yakapanda juu yakabaki meupe, meno yakaumana, miguu ikaanza kupiga mkeka. Degedege. Nimeona mengi, lakini sauti ile ya visigino vya mtoto kwenye mkeka sipendi kuieleza. Nyanjige aligeuka pale mlangoni akajaribu kusimama, akashindwa.

"Kesho haipo," Minza akasema, bila kupaza sauti. "Baba Kulwa. Gauni liko wapi?"

"Halipo," Mwandu akasema. "Lilikuwa moja tangu mwanzo. Hakuna la pili."

Nilisema mkwe haruki miguu ya mama mkwe. Minza aliiruka. Mtoto mikononi, kichwa wazi, alipita juu ya miguu ile kama mtu anayevuka mfereji, na alipokuwa hewani Shija mgongoni alicheka, maana alidhani ni mchezo.

*

Mwandu aliingia chumbani, akavuta sanduku, akachukua gauni, akawakimbilia na baiskeli. Hakuwa na pesa ya kuchangia matibabu, na alijua hivyo, na Minza naye alijua sasa ile ya lolote ilikokwenda.

Zahanati ilikuwa imefungwa. Mlango ulikuwa na kipande cha boksi kilichosema sikukuu njema. Wakaenda nyumbani kwa nesi. Felisita alikuwa uani anamsuka binti yake, Precious, amefika katikati ya kichwa. Alimwona Mwandu, uso wake ukajiandaa kwa maneno. Kisha akamwona mtoto. Aliacha kitana kimechomekwa kwenye nywele za binti, akachukua funguo.

Mwandu alibaki nje. Kupitia dirishani alisikia maji yakimwagwa, alisikia Felisita akimwambia Minza ashike miguu, akasikia chuma kikigonga sahani. Kilio cha Kulwa hakukisikia. Alingoja kilio hicho kama watu wanavyongoja mvua: kila kelele aliisingizia kuwa ndicho. Mbuzi wa mtu alipolia, Mwandu akasimama. Precious, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alikuja akakaa karibu naye, akatazama kitu cha waridi kwenye mfuko wa nailoni.

"Ni la mtoto wako?"

"Ndiyo."

"Mtoto mwenyewe ndiye anayekufa?"

Mwandu aliona vidole vyake vinameta, akavifuta kwenye suruali. Havikufutika.

Jua liliposhuka mpaka kwenye dirisha, Kulwa alilia. Kilikuwa kilio kidogo cha mtu aliyechomwa sindano na hakupenda. Mwandu aliegemea ukuta, ukuta ukamshusha taratibu mpaka chini.

Felisita alitoka, anafuta mikono. Alisema ni malaria, imepanda kichwani, wamemleta kwa kuchelewa sana, na aliwauliza walikuwa wanangoja nini tangu asubuhi. Mwandu alimtolea gauni kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Alisema ni la kuchangia. Felisita alilipokea, akaligeuza, akalipima kwa macho kwenye mabega ya Precious. Precious aliacha kupumua.

Kisha akalirudisha.

"Ningelipata mnadani lingekuwa langu. Leo nikilichukua, kesho mtasema nesi anauza sindano kwa magauni. Baada ya sikukuu lete kuku." Akamshika binti yake mkono wakaondoka, na Precious alitembea kinyumenyume mpaka nyumbani.

*

Krismasi Kulwa alikaa kwenye mkeka uani, ameegemezwa mto, anakunywa uji kwa kijiko. Doto alikaa karibu naye, wamevaa vigauni vya mwaka jana, pindo zimeshushwa. Gauni la waridi lilirudi sandukuni, na hapakuwa na mtu aliyetaka hata kulitaja. Mchele haukuwepo. Kulikuwa na ugali, kuku mmoja kwa watu wote, chai na michembe. Nami nilikuwepo, nilikuja kuomba moto nikasahau kuondoka.

Walipokula wakasimama mmoja mmoja, kama desturi. Mwandu alisimama akasema mwaka huu amesema uongo, na uongo ule ulikaribia kumzika mtoto. Hakuongeza. Alikohoa mara nyingi sana, na Minza akamsogezea maji. Minza aliposimama alisema anashukuru, akakaa.

Nyanjige alisimama mwisho. Alikuwa amekonda kwa usiku mmoja. Alimshukuru Mungu kwa mtoto, akamshukuru nesi, akasema mwanawe amekiri na yameisha. Mwenye akili angekaa hapo.

"Lakini aliyemvalisha Doto hajasema," akaendelea. "Hilo ndilo lililomfikisha Kulwa pale. Nasubiri aseme. Mimi mwenyewe, mbele ya Mungu na sikukuu yake, gauni lile sijaligusa hata kwa ukucha."

Minza alitazama chini, mikono mapajani. Doto alimtazama bibi yake, akafungua mdomo, akaufunga, kama mtu aliyeonywa.

Nyanjige aliketi. Akashika ncha ya kanga yake, ile anayofungia ugoro, ile ile aliyomfutia Doto kichwa, akalifungua fundo. Akachota ugoro, akavuta kulia, akavuta kushoto, akainua uso juu apige chafya. Jua la saa tisa lilikuwa limesimama mbele yake sawasawa.

Pua yote ilikuwa inawaka. Ilimeta waridi, kutoka ncha mpaka puani ndani, na mdomo wa juu ukameta, na alipopiga chafya nyota zikaruka hewani zikatua taratibu juu ya michembe.

Shija alipiga makofi. Mwandu akageukia ukuta. Nyanjige alitutazama sisi, akatazama vidole vyake, na ule woga aliokaa nao mlangoni tangu jana ukamjaa usoni wote, wazi, na kwa mara ya kwanza tukaona kwamba ulikuwa woga wa aliyemvalisha Doto.

Minza akasimama. Akalowesha ncha ya kanga yake kwenye chai, akapiga magoti mbele ya mama mkwe kama adabu inavyotaka, akampa.

"Jifute pua, mayu," akasema taratibu. "Kulwa akiiona, naye atataka."